Karatasi Inayodanganya Umbali

Benchi letu la kahawa limeegemea ukuta wa banda kubwa la vipimo. Ndani yake binti yangu, injinia, anapima sahani ya darubini, ile ya kunasa mawimbi ya nyota. Nje, pua kwa pua na ukuta huohuo, yuko Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma. Leo asubuhi binti alimwomba kwa heshima zote: fundi, usigonge nyundo mpaka nitoke, sahani inapakiwa kusafirishwa leo na hatuna nafasi nyingine. Cheche akasema hana neno, ila aelezwe kwanza. Binti akaniachia mimi kazi hiyo, akakimbia. Nikabaki na Cheche na wateja wangu wa kahawa, mimi na birika langu.

— Bibi, sahani ya kutazama nyota inapimwaje ndani? Kuna nyota gani humo?

— Nje hewa ina unyevu, mwanangu. Unyevu huo huyameza mawimbi yale njiani. Basi wamewamba karatasi nyembamba ya plastiki yenye madini, imechongwa mistari tele. Wanaiita hologramu. Mawimbi yakitoka kwenye mtambo hapa karibu yakaipita, yananyooka, yanafika kwenye sahani kama yametoka mbali kabisa. Ukigonga, karatasi inatetemeka, vipimo vinaharibika.

— Kumbe sahani inadanganywa!

— Inapimwa, Cheche. Inapimwa!

Akadakia Gia Nne, aliyeendesha malori mpaka mgongo ukagoma.

— Hologramu si ile alama inayometameta kwenye noti? Basi mle ndani wanachapa pesa.

— Wachape pesa, halafu binti yangu aje kunywa kahawa kwa mkopo?

Wembe, kinyozi, akacheka kwa dharau.

— Hamjui kitu. Hologramu ni picha ya mtu inayosimama bila mtu. Injinia wa asubuhi alikuwa picha.

— Picha iliyonikanyaga kidole?

— Za kisasa zinakanyaga, bibi.

— Mimi nasema hivi, akasema Gia Nne. Kama karatasi inavuta mbali kukawa karibu, malori ya nini?

— Haivuti! Inafanya karibu kuwe kama mbali!

— Lo! Ndiyo maana siku hizi nafika nyumbani nimechoka!

Jamani. Marehemu mume wangu alikuwa mbishi, lakini alikuwa akilala.

Cheche akasimama, nyundo mkononi.

— Mimi sijaelezwa. Nagonga.

Kazi yote ya binti yangu ilikuwa imening'inia kwenye mkono ule.

— Gonga tu, akasema Wembe. Hata ukielezwa huelewi.

— Nani haelewi?

— Wewe.

Cheche akaitupa nyundo kwenye mchanga, akakaa chini ili apate mikono yote miwili ya kubishania. Wakabishana mpaka nikaacha kusikia maneno, nikawa nasikia kelele tu.

Mlango wa banda ukafunguka. Binti, nywele timutimu, meno yote nje.

— Mama, imepita! Haina kasoro! Fundi, ahsante sana, sasa gonga utakavyo.

— Sigongi, akasema Cheche. Hawa bado hawajanijibu.

Hapo akafika mama mmoja na kanga begani, akatazama vyuma vimelala kama vilivyoletwa.

— Fundi, geti langu je? Asubuhi nzima mlikuwa mnafanya nini?

Wote wakanigeukia mimi.

— Kahawa imeisha, nikasema.