Mfalme Aliyeachiwa Kiti

Kwenye basi la Matrah, Semeni alijifanya anatazama nje, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Mwalimu mmoja, Hajar, alikuwa akimsimulia mzee asiyemjua habari za samurai, wapiganaji wa zamani wa Japani: wakuu wa ikulu waliwaita wawalinde, mwisho walinzi wakaishika nchi wenyewe.

“Mfalme wakamuua?” aliuliza mzee.

“Hata. Walimwacha kitini pake, wakamwinamia vile vile. Amri tu ndizo zilizokuwa zikitoka kwengine.”

“Subhanallah. Upanga wanao, na bado wanainama.” Mzee alitoa macho, kama aliyeonyeshwa bahari mara ya kwanza. “Basi mfalme ni yeye, mwanangu.”

“Jina tu, babu.”

“Nnakwambia ni yeye. Dukani kwangu wanangu hawaigusi kahawa mpaka finjani ya kwanza nimeshapewa mimi.”

“Na funguo za duka anazo nani?”

Semeni, ambaye kituo chake kilishapita zamani, alisubiri jibu. Basi likasimama. Mzee akashuka; kijana wake alikuwa akingoja chini. Akambusu babake kichwani, taratibu, kwa heshima zote, na alipoinama funguo zikalia mfukoni mwake.