Arlène na Orinyali Jike

Kijiwe chetu kiko Hillbrow, pembeni ya robot, yaani taa za barabarani, chini ya ghorofa ambalo lifti yake ilishakufa. Mama Angélique wa Bukavu ndiye anayetuuzia kahawa. Burhani wa Kigoma tunamwita Konseye, kwa sababu hushauri hata asiyemwomba. Léonce, fundi cherehani wa Kirundi, tunamwita Robot: sasa hivi kijani, punde nyekundu. Jumamosi ile jioni tulikuwa tunabishana juu ya Arlène, binti ya Mama, aliyesukia watu nywele kona hii hii kabla ya kuhamishiwa Kanada na wanawe. Huko kuna mnyama mrefu kuliko farasi, wanamwita orinyali. Arlène alikwenda kumwinda, akarudi mikono mitupu.

— Mikono mitupu na bunduki anayo? Konseye akasema. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani!

— Hiyo inahusu nini na nyama? nikauliza.

— Nyama nayo marejeo yake ni tumboni.

— Kibali chake kilikuwa cha dume, Mama akasema. Aliyetokea ni jike.

— Eish! Robot akasema. Kumbe hata porini wanaulizana jinsia?

— Majike wote ni mali ya mfalme, Konseye akasema.

— Wapi! Robot akapinga. Wamewekewa kidude sikioni. Ukimpiga, simu ya serikali inalia.

— Tena jike mwenyewe anapelekwa mahakamani kutoa ushahidi, Konseye akaongeza.

— Ameshakufa, atasemaje? nikauliza.

— Pembe zake zitasema!

— Jike hana pembe, Mama akasema. Nyamazeni, nampigia mutoto wangu.

Arlène akatokea kwenye simu, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Akatusalimia mmoja mmoja, kisha akasimulia.

— Nilikwenda na jirani yetu, Steve. Ndiye aliyetupokea tulipofika, ndiye aliyenifundisha kulenga shabaha. Jike akatoka kwenye matete na ndama wake. Steve akaninong'oneza: "Piga. Watoto wako wana baridi ndefu mbele, na hakuna anayetuona."

— Si ungepiga! Robot akasema.

— Papa Léonce, huku serikali inawahesabu orinyali kutoka angani, kwa ndege. Eneo letu majike wamepungua, hawaguswi. Tunaruhusiwa madume, nao wachache. Ukiua jike, umeua na ndama wa mwaka ujao. Steve mwenyewe ndiye aliyenifundisha hayo. Nilipokataa, akainua bunduki yake. Nikaziba darubini yake ya kulengea kwa kiganja.

Mama akashika kifua.

— Kwenye bunduki ya mtu, Arlène? Hilo hukuniambia.

— Niliogopa, mama. Siyo risasi. Niliogopa kumpoteza rafiki pekee niliye naye huku. Jike na mtoto wake wakaondoka polepole. Steve hakunisemesha njia nzima.

Konseye akasogeza kiti karibu na simu.

— Kisha? Mama akauliza.

— Jumapili akasimama kanisani, hakuitwa na mtu, akasema nilimzuia asiwe mwizi. Wenzetu waliopata dume wakaniletea paja. Liko jikoni, watoto wanalizunguka tu.

Simu ilipokatika, Mama alisimama katikati ya njia akapaza sauti:

— Mumesikia? Huyo ni wangu!

— Wetu! Konseye akasema. Nilimshauri sana huyu.

— Koti alilosafiria nilishona mimi! Robot naye akasimama.

Tulicheka, tukapeana mikono kana kwamba sote tulikuwa kwenye matete yale. Kumbe Joël, mlinzi mpya wa ghorofa, alikuwa nyuma yetu na kikombe chake, amesikia yote. Akauliza kwa upole:

— Na ninyi, wakubwa zangu? Watoto wanangoja nyama, rafiki anakusukuma, hakuna anayeona. Mngepiga, au mngeacha?

Konseye akaanza kutafuta chenji mfukoni. Robot akaangalia taksi zinavyopigiana honi. Mimi nilikunywa kahawa iliyokwisha poa.

Mama Angélique hakutungoja. Alikuwa ameshavuka barabara, anamsimulia muuza mboga habari za binti yake, mikono yote miwili hewani.