Bi Unywele, Macho ya Mwale Wetu

Baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, mwenzetu wa karakana ya vipimo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake rasmi limebaki kwenye faili tu. Sisi tunamwita Bi Unywele, na hata barua ya kustaafu nusura ichapwe hivyo.

Mashine yetu hukimbiza protoni, chembe ndogo mno zisizoonekana, ndani ya bomba lililoondolewa hewa. Mwale wake ni mkali: ukipotoka, hutoboa chuma kabla hujapepesa jicho. Kazi ya Bi Unywele ni kutunza vifaa vinavyotuambia mwale uko wapi, una upana gani na unavuja wapi. Kimojawapo ni waya mwembamba kuliko unywele, unaopitishwa kasi katikati ya mwale. Waya huo huufunga kwa mkono, pumzi ameibana. Feni marufuku, chafya marufuku. Karani mmoja aliyeingia na mafua alitolewa nje kwa adabu, na hadi leo hubisha hodi ameshika pua. Mume wa Bi Unywele, fundi cherehani, analalamika kwamba nyumbani mkewe hajawahi kushona hata kifungo, kwa madai kuwa sindano ni nene mno.

Lakini tunamheshimu kwa jambo jingine. Katika mwaka wake wa tisa, tulipobadilisha kipande cha bomba, mwale ulikataa kunyooka. Wiki tatu waendeshaji walihangaika. Kila wakiurekebisha, ndivyo ulivyozidi kupotoka. Lawama ziliwaangukia mafundi wa sumaku, zile zinazouongoza mwale, na kiongozi wao, tuliyemwita Mzee Sumaku, akaandikiwa barua ya kujieleza.

Bi Unywele hakuwa ameulizwa lolote. Hata hivyo, asubuhi moja mashine ikiwa imezimwa, alishuka kwenye handaki, akazifuata nyaya kwa vidole hadi kwenye kipimo cha saba. Akakuta waya wa kushoto umechomekwa kulia, na wa kulia kushoto, hivyo kipimo kilionyesha kinyume na waendeshaji wakausukuma mwale upande usiofaa. Lebo zilikuwa na mwandiko wake.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kuzirudisha nyaya mahali pake akanyamaza. Mwale ungenyooka, na Mzee Sumaku angebaki na msalaba wake. Baadaye alitusimulia kwamba alikaa sakafuni akiwaza watoto wake wawili na ajira yake. Kisha akapanda juu, akaingia kikaoni, akasema bila kuketi: "Sumaku hazina kosa. Nyaya nilizipishanisha mimi."

Alipewa onyo la maandishi. Mzee Sumaku alimfuata kwenye korido, nasi tukajua leo kuna moto. Kumbe alimpa mkono tu, akamwambia: "Dada, kuanzia leo ukisema kitu, sibishi."

Ahadi hiyo ilijaribiwa miaka sita baadaye. Mzee Sumaku alikuwa sasa mkuu wa uendeshaji, chumba kimejaa wageni, na mwale unapandishwa nguvu kuliko wakati wowote. Kati ya vipimo arobaini vya uvujaji, kimoja tu kilianza kupanda. Wengi walisema kimeharibika. Bi Unywele akasema tuzime. Mkuu alizima bila hata kugeuka. Wageni waliishia kunywa chai, lakini bomba lilipofunguliwa lilikutwa limebabuka, ukuta wake umebaki mwembamba kama bati la kopo la maziwa. Tungechelewa kidogo, tungefunga mashine mwaka mzima.

Anaacha mafundi wanne aliowafunza mwenyewe, wote wakali kama yeye. Anasema mradi wake mpya ni kujifunza kuendesha baiskeli pamoja na mjukuu wake wa miaka mitano, na kwamba anatazamia kuanguka mara nyingi bila kuandika ripoti.

Dada yetu, asante kwa mikono yako na kwa ukweli wako. Afya njema ikuandame, nyumba yako ijae vicheko, na barabara ya baiskeli iwe tambarare.