Safari Hii Bi Reme Yu Macho

Mheshimiwa mgeni rasmi, Sheikh Aflah, uliyetujia hapa Al Khoudh kutoka Al Amerat na foleni zake. Bi Shatha, mwenyekiti wa kilabu chetu cha filamu. Ndugu zetu Wafilipino, Waganda na Wakenya. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana: assalaam alaykum, na khabari za jioni kwenu nyote.

Mimi Ruqaya nnajijua. Nikishika kipaza sauti sikiachi. Lakini leo Bi Shatha kanikalisha kitako akanambia, "Ukirefusha, utatuharibia." Na ana haki, maana hotuba ndefu ndiyo iliyotukusanya hapa.

Yule mtoto aliyekuwa akilia kwenye filamu tuliyoitazama sasa hivi, mkafuta macho hata nyinyi wanaume mnaosingizia mafua, ndiye Bi Remedios Macaraeg, huyu aliyekaa kiti cha mbele, mwenye gauni la kwao, la mikono iliyosimama kama mbawa. Sisi nyumbani twamwita Bi Reme. Alikuja kutoka Ufilipino kufanya kazi kwa mama yangu, Bi Sayyida, yapata miaka arubaini sasa, akanilelea wanangu, akajifunza Kiswahili jikoni kwetu mpaka akawa anatusuta nacho.

Na miaka chungu nzima hakutwambia kitu! Tulijuaje? Mama alikuwa akitazama tamthilia, mwigizaji analia, na mama naye analia. Bi Reme akasema, "Huyo halii, Bi Sayyida, huyo apiga kelele. Kulia ni hivi." Akanyamaza, chozi likamtoka jicho moja tu. Mama akaruka: "Masikini Reme! Nani kakuudhi?"

"Hapana, bibi. Nnaigiza."

Hapo ndipo alipoitoa hadithi yake. Miaka ya hamsini huko, mjini Manila, kwenye sherehe ya tuzo za filamu, Reme ana miaka minane. Ukumbi umejaa mastaa, maua kila meza, magauni yanaburuzwa sakafuni. Tuzo ya mwigizaji mtoto imewekwa mwisho. Kabla yake akasimama mgeni rasmi kuhutubia. Akahutubia, jamani, akahutubia! Reme akalala fofofo mapajani mwa mama yake. Jina likaitwa, mama akamtikisa, wapi! Mwenye kampuni ya filamu akapanda yeye jukwaani, akaipokea sanamu ya tuzo, akaitia kabatini kwake, na huko ikabaki. Mtoto aliamka asubuhi akaambiwa, "Ulishinda."

Sasa nnakuulizeni: kushinda gani huko, jina lako laitwa na wewe hulisikii? Yeye huisimulia akicheka. Lakini mimi nimekaa naye, nnamjua. Alipotwambia kuwa anastaafu, na Ijumaa hii anarudi kwao moja kwa moja, nilimuuliza anataka zawadi gani. Akasema, "Dhahabu nnayo. Nnataka niitwe jina, niinuke mwenyewe." Nililia, na mimi sikuwa nnaigiza.

Ndiyo tukafanya haya. Nambi, fundi wetu wa Kiganda, kamshonea gauni, na mafundi wa fedha wa soko la Mutrah wametutengenezea kisanamu: mtoto kasimama, macho kayakodoa hivi! Bi Reme, nani atanisonya tena nikiunguza wali? Wanangu wamebembelezwa kwa nyimbo zako, na wao sasa wanawabembeleza watoto wao kwa nyimbo hizo hizo. Nnakupenda, dada yangu. Sikuagi hapa, kuagana tutaagana uwanja wa ndege, nikilia nnavyotaka.

Nilikuwa na mengi bado, nnayameza. Sheikh Aflah, tafadhali sogea na tuzo. Ochieng, tuwekee taa. Mwigizaji mtoto bora, tuzo iliyochelewa kumfikia mwenyewe: Remedios Macaraeg!

Bi Reme? ... Reme! Yarabi, mtazameni, kafumba macho! Shatha, si niliikata hotuba mapema? Mtikise... Ah! Jicho moja hilo limefunguka. Anaigiza, mshenzi huyu! Haya inuka, mama, inuka mwenyewe, jina ni lako.

Huyo anakuja. Asanteni kwa kunisikiliza, na zaidi asanteni kwa kutolala. Vigelegele, jamani, mpaka afike!