Kengele ya Baiskeli ya Bluu

Benchi liko nje ya banda la fundi baiskeli, upande wenye kivuli, na kila asubuhi wenyewe hulijaza: Kinyozi, ambaye huacha wateja wakimsubiri na sabuni kidevuni, na Tarishi, aliyestaafu kupeleka barua lakini hajastaafu kupeleka maneno. Fundi huwachemshia kahawa, kisha anarudi kwenye spoki zake. Ukutani inaning'inia baiskeli ya bluu ya marehemu mkewe. Ukimuuliza, atakwambia inasubiri kipuri. Mwaka wa nne huu inasubiri, na wenzake wameshaacha kuuliza.

Siku hiyo ubishi ulikuwa juu ya heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wa kule rasini, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli kando ya bahari.

— Hawaji tena, alisema Tarishi. Taa za hoteli zimewafukuza.

— Wanakuja, ila wamepauka, Kinyozi akamkata. Chakula chao kimeisha. Ukiwaona leo utadhani mifuko ya plastiki.

— Plastiki gani, bwana? Wale wanahesabiana. Akifa mmoja, kundi zima linahama.

Tarishi alijiuma ulimi, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Fundi akainamia gurudumu. Njia ile aliijua kama kiganja chake. Kila Jumapili walipita na mkewe penye alama za kasa mchangani, wakapita kwenye mikoko ambako tumbili waliwaibia mkate, hadi kwa heroe. Sharti lao lilikuwa moja: anayewaona kwanza apige kengele. Fundi ndiye aliyewaona kwanza kila mara, lakini alijitia kukagua mnyororo mpaka mkewe apige. Sauti ya kengele ile bado aliikumbuka.

Mgeni wao siku hiyo alikuwa nesi aliyehamia mtaani juzijuzi, amekuja kuzibiwa pancha. Alipewa kikombe, akawasikiliza mpaka mwisho.

— Samahani wazee wangu, akasema. Nani kati yenu amekwenda kuwaangalia?

Kinyozi akachungulia kikombe chake. Tarishi akatikisa birika, halina kitu. Habari zote za kweli za heroe walizokuwa nazo waliletewa na Fundi, Jumapili za zamani.

— Mimi niliogopa nisiwakute, Fundi alisema taratibu. Tena niliogopa zaidi niwakute, nisiwe na wa kumwonyesha.

Akanawa mikono, akaishusha baiskeli ya bluu. Kinyozi akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akalikuta gumu.

— Fundi, miaka minne, na matairi yamejaa upepo?

— Nayajaza kila Jumamosi.

Hakuna aliyemtania. Alimwachia Tarishi ufunguo wa banda, akapanda, magoti yakimlalamikia kidogo. Alipofika kona ya mtaa, akasimama. Hapo ndipo mkewe alipomtangulia siku zote, akageuka nyuma, akampigia kengele aharakishe. Miaka yote Fundi aliisikia ikimwita, hakuwahi kuipiga.

Akaipiga mara moja, kisha akageuka kutazama nyuma.