Bega la Mzee Medali

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lenye mguu mmoja uliobadilishwa na tofali, limeegemezwa kwenye ukuta wa duka la dawa. Kando yake iko meza ya Soli, fundi viatu, imejaa gundi, misumari na viatu ambavyo wenyewe walishasahau kuja kuvichukua. Upande wa pili husimama Redio na birika lake la kahawa. Anaitwa Redio kwa sababu hajawahi kuzimwa. Katikati ya benchi, pale ubao ulipolainika kwa kukaliwa, hukaa Daktari, na wewe usidanganywe na jina. Alikuwa bawabu wa hospitali, miaka nenda miaka rudi akifungua geti na kulifunga, na kwa akili yake hiyo ni sawasawa na kusomea. Wa mwisho ni Mzee Medali, mlinzi wa ofisi ya pensheni ile unayoiona ng'ambo ya barabara. Ujanani alikuwa mlenga shabaha kwa bunduki, akavishwa medali mbele ya umati, na tangu siku hiyo hajapitisha asubuhi bila kuitaja. Ila asubuhi hii alifika, akakaa, akapokea kikombe kwa mkono wa kushoto, kimya. Wenzake wakajua kuna jambo.

– Mzee wangu, mkono wa kulia umeuweka rehani? Redio akaanza.

– Umelala.

– Tangu juzi umelala tu? Basi huo umezimia.

– Wewe umeajiriwa kulinda usingizi wa mikono ya watu? Mimina kahawa.

Soli hakuinua kichwa. Alikuwa na misumari midomoni na soli ya mtu mapajani.

– Kesho si ndiyo siku yenu ya majaribio?

Medali akanywa kwanza. Kahawa ilikuwa ya moto, lakini aliimeza vivyo hivyo ili apate muda.

– Ndiyo kesho.

Kila mwaka kampuni ya ulinzi huwapeleka walinzi wake wenye silaha uwanjani kulenga shabaha. Risasi kumi. Anayekosa zaidi ya tatu anakabidhi bunduki, na kwa umri wa Medali, anayekabidhi bunduki anakabidhi na sare, anakabidhi na kofia, anakwenda kukaa nyumbani na mke asiyeona vizuri na wajukuu wawili wanaojua kula. Mwaka jana alipita kwa kusukumwasukumwa, vidonge viwili vya maumivu tumboni na jasho mgongoni. Mwaka huu bega lenyewe halipandi.

Hakuwaambia wenzake kwamba huu ni mwezi wa tatu analala ameketi kwenye kiti. Hakuwaambia kwamba mkewe ndiye anayemvisha shati, anaupitisha ule mkono kwenye mkono wa shati polepole kama anavyowavisha wajukuu, na yeye anasingizia baridi ya zamu. Mkewe si mjinga. Alinyamaza tu, na kile kimya kilimuuma mzee kuliko bega.

– Bega ni bawaba, Daktari akasema, akajiweka sawa kwenye ule ubao wake laini. Mimi nimeona mabega yakiingia hospitali na nimeyaona yakitoka. Bawaba ikikauka inataka mafuta. Kanda kwa maji ya moto, paka mafuta, zungusha.

– Nimekanda mpaka ngozi imebabuka.

– Hukuzungusha.

– Nikilizungusha nitalia, Daktari. Na wewe utakuja kunifungulia geti?

Wakacheka. Naye Medali alicheka, na bega likamchoma kwa kucheka.

– Tatizo lenu mnatibu bega, Redio akadakia. Bega halina kosa. Hebu fikirini. Miaka arobaini bunduki inamsukuma nyuma. Kila risasi, kidogo. Kidogo, kidogo. Bega la huyu mzee limeshahama! Haliko tena linapotakiwa kuwa. Anaweka kitako cha bunduki mahali ambapo bega lilikuwa zamani.

– Limehamia wapi sasa? Soli akauliza.

– Mgongoni. Mtazame anavyokaa.

– Mwongo we!

– Sasa dawa yake ni moja: akageuke, alenge kwa bega la kushoto. Hilo bado jipya, halijaanza kutumika.

– Nimejaribu, Medali akasema. Jicho la kushoto halijui kazi hiyo. Na bunduki yetu unaikoki kwa mkono wa kulia. Nikimaliza kuikoki, mwizi ameshafika kwao, ameshakula, amelala.

Daktari hakupenda kupitwa. Akakohoa kile kikohozi chake cha kutaka wasikilizwe.

– Basi bunduki ifungwe kwenye nguzo. Kwa kamba. Wewe unasimama nyuma yake unavuta kidole tu. Hakuna aliyesema lazima uibebe.

– Na ofisi ya pensheni je? Nayo tuifunge nguzo mlangoni?

– Mbona kila ofisi ina nguzo!

– Mimi naona, Redio akasema kwa sauti ya siri ambayo ilisikika mpaka dukani, tumtafute mtu wa umri wake, tumvishe sare, kofia tuishushe mpaka hapa. Aende badala yake. Wale wakubwa wanatazama kadi, hawatazami sura. Daktari, wewe mnafanana masikio.

– Mimi nishike bunduki? Mimi hata wembe wa ndevu sishiki, nanyolewa!

Maneno yalizidi kupanda. Kuna aliyependekeza barafu ndani ya sare, kuna aliyependekeza sindano ya kutia ganzi mkono mzima ili ulenge bila habari. Ungewasikia ungedhani wanapanga arusi. Walikuwa wanampenda yule mzee, hilo ndilo lilikuwa tatizo; walitaka apite kesho, na hakuna kingine walichotaka.

Soli ndiye aliyefanya kitu. Alitema misumari kiganjani, akavuta kutoka chini ya meza kitambaa kilichokunjwa.

– Mzee, njoo nikupime hiki. Nimekushonea tangu jana.

Kilikuwa kimto kidogo: sponji ya kandambili, tabaka tatu, juu kimeshonewa ngozi laini ya kiatu cha kike, kina mikanda miwili ya kupita kwapani na kifuani. Kazi safi. Medali alikitazama, akakigeuza kwa mkono wa kushoto. Miaka yote anakunywa kahawa na mtu huyu hawajawahi kupeana hata shikamoo yenye uzito, leo kakaa usiku mzima anamshonea bega.

– Soli, ndugu yangu…

– Nyoosha mkono.

– Haunyooki.

– Basi uache hivyohivyo. Mimi nitazunguka.

Akamzunguka, akamfunga mikanda, akakaza. Medali akagusa kile kimto kwa kidole. Kilikaa pale hasa panapouma.

– Kesho unawatoa jasho, Redio akashangilia. Si teke la bunduki tu hilo? Teke la sponji!

– Teke siyo shida kubwa, Medali akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ya ualimu ikarudi. Shida ni mwili kujua kwamba teke linakuja. Bega likishaumia, mwili unaanza kuruka kabla. Kidole kinagusa kifyatulio, macho yanafumba yenyewe, bunduki inacheza. Mtu mwenyewe hajui! Atakuapia alikuwa anatazama. Nilipokuwa nafundisha vijana nilikuwa nawachomekea ganda tupu katikati ya risasi nzima, siwaambii. Akifyatua lile tupu, hakuna mlio, hakuna teke, lakini unamwona mwenyewe: kafumba macho, karuka. Huyo namrudisha kwao siku ileile.

– Hata akilia?

– Walilia wengi. Niliwaambia wakalilie kwao. Mtu wa hivyo simpi bunduki.

– Sasa tuoneshe mtu asiyeruka anavyosimama, Redio akasema. Wengine hatujawahi kuona hiyo medali ilipatikanaje.

Juu ya meza ya Soli palikuwa na gongo la kutembelea, lile la kuweka kwapani, limeletwa kubadilishiwa raba ya chini. Redio akalichukua, akampa. Medali alisita. Halafu akasimama, kwa sababu walikuwa wanamtazama, na kwa sababu ni muda mrefu hakuna aliyemtazama hivyo. Akalisaidia gongo kupanda kwa mkono wa kushoto, akauma meno, akaegemeza kichwa cha gongo kwenye kimto. Akalenga herufi ya kwanza ya kibao cha duka la viatu ng'ambo ya barabara. Miguu ikajipanga. Pumzi ikatulia.

– Tayari, Redio akanong'ona. Piga!

Kidole cha Medali kikakaza kwenye mti mtupu.

Macho yakafumba. Bega likaruka, kichwa kikaenda pembeni, na ncha ya gongo ikatoka kwenye kibao ikashuka, ikapita dirisha la duka la viatu, ikaishia mlango wa pili: mlango wa ofisi ya pensheni, usawa wa mtu aliyekaa.

Redio alianza kucheka, akidhani ni utani. Kicheko kikamfia. Soli akarudisha misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaanza kutafuta nyundo iliyokuwa mkononi mwake. Medali alifumbua macho, akakuta gongo limeelekea ule mlango, na hakuna bunduki. Hakuna hata bunduki! Ni gongo la mgonjwa.

– Shikamooni.

Hakuna aliyemwona alipofika. Mwanamke wa makamo, mfuko wa sokoni begani, amesimama nyuma ya meza ya Soli.

– Marahaba, mwanangu, Medali akajibu, bado kalishika lile gongo.

– Nimefuata gongo la mama. Naona mnalo.

– Aa, samahani dada, Soli akasema. Tulikuwa… tunalipima.

Yule mwanamke akamtazama Medali vizuri, uso ukamfunguka.

– Wewe si ndiye baba wa pale pensheni? Unayempa mama kiti?

– Mama yako ni yupi?

– Mwenye hilo gongo.

Medali akalitazama gongo. Sasa alilijua, lina kitambaa cha bluu kimezungushwa pale pa kushikia. Bibi mwembamba, hakosi kila mwisho wa mwezi. Foleni ikitoka nje mpaka barabarani, Medali huchukua kiti chake mwenyewe cha plastiki anakitoa, anakiweka pembeni ya ngazi, kwenye kivuli, mbele kabisa ya mlango anaoulinda. Yeye anasimama. Bibi anakaa, gongo mapajani, anamsimulia mambo ya miguu yake.

– Namjua, akasema. Anaendeleaje?

– Mzima. Anakuombea dua kila siku, ujue. Anasema mjini hapa mtu ni wewe.

– Ah. Kiti tu hicho.

– Si kiti tu. Mwanamke akacheka kidogo. Halafu, bila ubaya wowote, kama mtu anavyouliza njia: – Lakini baba, mbona ulipopiga ulifumba macho?

– Tulikuwa tunacheza, mwanangu.

– Najua mnacheza. Ila ingekuwa bunduki kweli, na macho umefumba, risasi ingekwenda wapi?

Redio akafungua mdomo.

– Dada, kule uwanjani kuna ukuta wa mchanga, haiendi…

– Redio, nyamaza, Medali akasema.

Asubuhi nzima walikuwa wamelihamisha bega, wamelipaka mafuta, wamelifunga kwenye nguzo, na katika yote hayo hakuna hata mmoja aliyeuliza hilo. Medali aliutazama ule mlango. Aliona kivuli pembeni ya ngazi. Akilini aliwaona na vijana aliowarudisha kwao, mmoja hasa, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, aliyemshika miguu akimwomba ampe nafasi ya mara moja tu.

– Sijui, akasema.

Katika maisha yake yote hajawahi kulitamka neno hilo juu ya risasi yake.

– Soli. Nivue hiki kitu.

– Mzee, mpaka kesho unaweza ukawa…

– Nivue. Mtu wa hivyo simpi bunduki.

Soli akazunguka, akalegeza mikanda. Ilichukua muda, kwa sababu mkono haukutaka kupita. Kimto kikatoka kina joto. Soli akabaki amekishika, hajui akitupe au akikunje.

– Kitie pale juu ya gongo, Medali akasema. Pale kwapani. Bibi anasema huwa panamchubua.

Soli akafanya. Akakata mikanda, akapaka gundi, akashona pembeni kwa uzi mnene. Nyundo tu ilisikika, na magari. Daktari alikuwa anatazama viatu vyake. Medali aliketi, akakiinua kikombe kwa kushoto, kahawa imeshapoa, akainywa.

Mwanamke alipopewa gongo alilijaribu kwapani mwake mwenyewe, akaegemea, akakibonyeza kimto mara mbili.

– Jamani! Mama atalala nalo hili. Mungu akulipe, baba.

– Amina.

– Basi mwisho wa mwezi namleta mwenyewe akushukuru. Tutakukuta palepale?

Medali akamtazama Soli. Soli alikuwa na misumari mdomoni. Daktari aliinama kufunga kamba ya kiatu. Redio alichukua birika apate la kufanya, akaliinamisha juu ya kikombe cha mzee, yakatoka machicha.

– Imekwisha, akasema.

Yule mwanamke bado alikuwa amesimama, gongo la mama yake kwapani, anasubiri ajibiwe.