Melkior Ndunguru na Sekunde Kumi na Nne za Mama Yake

Marehemu Melkior Flaviani Ndunguru alizaliwa tarehe 14 Agosti 1986 katika kijiji cha Mapera, Mbinga. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Flaviani, mkulima wa kahawa, na Mama Serafina, aliyeolewa kutoka huku Ngumbo, ziwani. Baba yake alifariki mwaka 1999. Mwaka uliofuata Mama Serafina alirudi ziwani na watoto wake wawili, akaanza kuanika usipa, vile visamaki vidogo vya ziwani, na kuuza.

Melkior alianza shule ya msingi Mapera, akamalizia Ngumbo, kisha akasoma sekondari ya bweni Mbinga. Mwaka 2011 alihitimu shahada ya sanaa Dar es Salaam. Ada yake ilitoka kwenye usipa. Hili liandikwe wazi, kwa kuwa katika msiba huu imesikika kwamba alisomeshwa na ukoo.

Mwaka 2012 alipanga chumba karibu na stendi ya Mbinga, akawa anapiga video za harusi na kipaimara. Bwana harusi mmoja alimjia juu: "Fundi, nimekuita upige meza kuu, mbona dakika nzima ni mikono ya bibi anamenya ndizi?" Melkior alimjibu, "Kaka, wa meza kuu walikuwa wamekaa tu. Bibi ndiye aliyekuwa anafanya harusi."

Mwaka 2014, kwa kamera ya kuazima, alitengeneza filamu yake fupi ya kwanza, *Usipa wa Mama*, ya dakika kumi na moja. Ndani yake Mama Serafina anaanika samaki mchangani, kisha anageuka na kueleza kwa nini mke wa mkulima wa kahawa anaanika samaki. Maelezo yake ni ya sekunde kumi na nne.

Filamu hiyo ilionyeshwa Aprili 2015 katika ukumbi wa parokia, Mapera. Sekunde zile zilipopita, Baba yake Mdogo, Mzee Urbani, alisimama. "Zima! Mwanangu, umetuanika mbele za watu!"

Mama Serafina alimjibu kutoka benchi la nyuma, bila kuinuka: "Shemeji, kisichoanikwa huoza."

Wakati huo Melkior alikuwa amechumbia. Kwa desturi yetu kijana haendi kwa wakwe peke yake. Huongozwa na baba zake wadogo na wakubwa. Kikao cha ukoo kilimpa maneno haya: "Futa yale aliyosema mama yako, tukusindikize. Hutaki, kamera yako ikakuposee."

Alifuta. Picha aliiacha, sauti akaiondoa. Tarehe 21 Novemba 2015 alifunga ndoa takatifu na Jacqueline, mwalimu wa sekondari. Wazee wote walihudhuria, wakala, wakacheza. Bibi harusi hakuambiwa ndoa yake ilinunuliwa kwa bei gani.

Mwaka 2016 filamu ilionyeshwa Songea. Midomo ya Mama Serafina ikatembea bila sauti, na watu wakapiga kelele, "Spika imekufa!" Mama mwenyewe alimgeukia mwanawe akauliza, "Baba, sauti yangu umeipeleka wapi?" Mwaka huohuo filamu ilipata tuzo ya tamasha mjini, na waamuzi wakausifu ukimya ule kuwa ni ubunifu wa hali ya juu. Melkior aliipokea tuzo hiyo, akaifungia kabatini. Alitengeneza filamu nyingine nne fupi. Katika zote hizo hakumwomba mama yake aseme hata neno. Mama Serafina alifariki mwaka 2019.

Melkior alianza kuugua figo mwaka 2023, akatibiwa Mbinga na Songea. Wiki yake ya mwisho alimwambia mke wake, "Mama Winnie, kwenye wasifu wangu yaweke maneno ya mama. Yaweke kama alivyoyasema." Alifariki tarehe 9 Juni 2025. Aliomba azikwe Ngumbo, kando ya mama yake, na leo ndivyo inavyofanyika.

Juzi ukoo ulileta ombi: wasifu huu useme tu kwamba marehemu "alijishughulisha na picha", kwa ajili ya jina la familia. Ni jina ambalo mjane na watoto wake pia wanalibeba. Kwa hiyo haya ndiyo aliyosema Mama Serafina:

"Kahawa ile niliipanda na mume wangu, mgongoni nikiwa na Melkior. Mume alipokufa, shemeji akabaki na kahawa, mimi nikaachiwa jembe. Sikufukuzwa na njaa, nilifukuzwa na ndugu."

Marehemu ameacha mjane, Jacqueline. Watoto wawili, Winnie na Augustino. Dada yake, Scolastika, anayewasomea haya. Na Baba yake Mdogo, Mzee Urbani, ambaye bado anavuna kahawa ile.

Mungu amjalie Melkior pumziko la amani. Mama yake amesikika.